Taa ya Zambarau Msibani Kwako

Mwanahamisi, Mzigua mbishi usiyesikia la mtu,

Nakuandikia nikiwa barazani kwako hapa Makuyuni. Nimekalia kigoda chako, tena makusudi, maana ulipokuwa hai nikikikalia ulikuwa unaninyanyua kama kuku aliyeingia jikoni. Haya, njoo uninyanyue. Nakungoja.

Huji.

Ndivyo nilivyo tangu uondoke. Nakutukana, halafu nanyamaza nisikie utanijibu nini, halafu ndipo nakumbuka. Watu wa hapa wanadhani akili zimeniruka. Juzi mke wa jirani yako alinikuta nafagia uani kwako huku nasema, "Mzigua gani huyu hana hata ufagio wa maana." Akaniuliza pole pole, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na mtani wangu. Akasema pole, akaenda zake kuanika mahindi.

Nikupe habari za kazi kwanza, maana najua ndizo utakazouliza. Mtego wa mbu wa nyumbani kwako bado uko pale pale miguuni pa kitanda. Kijana wetu wa ofisini alitaka kuuhamishia nyumba nyingine, na hakuwa na kosa. Mtego wa taa bila mtu aliyelala karibu ni kazi bure. Mbu anafuata harufu ya mtu kwanza, akifika chumbani ndipo anaiona ile taa ya zambarau, na akiisogelea tu feni inamvuta chini mpaka kwenye mfuko. Nyumba haina mtu, mbu atamfuata nani? Lakini tukiuhamisha, hesabu zote za chumba hiki, mvua na kiangazi, zinakosa za kulinganishwa nazo. Nikamwambia asihamishe kitu, nitalala mimi.

Kwa hiyo zile siku za kutega nalala kitandani kwako, ndani ya chandarua chako. Mto wako bado una harufu ya mafuta ya nazi na siufui. Usinicheke. Basi nicheke.

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, na ulinifundisha kwa matusi. Siku ya kwanza nilipoletwa kwako uliniuliza kabila langu. Nikakwambia mimi Mnyamwezi, babu yangu aliletwa Mazinde kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, mimi nikazaliwa kambini, na Tabora sijaiona hata kwa ndoto. Ukapiga makofi. "Kumbe mtumwa wangu! Babu zako walikuwa wapagazi, haya, nibebee betri hiyo." Nami bila kupepesa nikakujibu kwamba Mzigua, tangu ile njaa ya babu zenu, ukimwonyesha unga anakufuata utumwani mpaka Unguja. Kijana wa ofisini, mtu wa mbali asiyejua utani wetu, alidhani tunapigana. Akaingia katikati na mikono juu, "Mama zangu, mama zangu, tafadhalini!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kuanzia hapo uliniita kwa jina langu mara moja tu.

Na ile kanuni yako. Funga mdomo wa mfuko kwanza, ndipo uzime feni. Feni ndiyo inayowashikilia kule chini, ukiizima kabla hujafunga wote wanapanda juu na kutoka kwa njia ile ile waliyoingilia. Nilikosea mara moja ukanichapa mkono kweli kweli, mtu mzima mimi, mama wa watoto. Ukasema, "Umewafungulia ng'ombe wa watu zizi." Nilinuna mpaka mchana. Mchana ukaniletea makande nikayala huku nimenuna.

Asubuhi ndizo zilizokuwa zetu. Tunakaa hapa hapa barazani, sahani nyeupe katikati, tunawatenganisha. Nondo huku, mende wadogo huku, mbu wa vyooni huku, na wale wenyewe huku. Nilikuuliza utawajuaje wa malaria wakiwa bado wazima kwenye kikombe, ukanionyesha namna wanavyotua, kichwa chini, makalio juu. "Huyu Mnyamwezi huyu, kainama anangoja kutwishwa mzigo." Lo! Mpaka leo nikimwona mbu wa malaria ukutani nasikia sauti yako, na kicheko kinakuja kabla ya hasira.

Na ilikuwa asubuhi moja kama hizo uliponiambia habari ya mtoto wako wa kwanza. Uliniambia mara moja tu. Ulikuwa umeinamia sahani, hukuniangalia. Ulisema baba yako alipofariki ulikuwa na mimba kubwa, na matanga yote ulilala uani juu ya jamvi na wanawake wengine, kama ilivyo desturi, maana binti wa marehemu akilala ndani kwenye chandarua watu watasema nini? Matanga yakaanuliwa, homa ikaja. Mtoto akatoka kabla ya wakati wake, mzuri, ana nywele, hapumui. Ukasema, "Mbu hajui msiba, Kalunde. Yeye akiona watu wamelala nje anadhani kaandaliwa karamu." Siku ile uliniita Kalunde. Nikakupokonya koleo la kushikia mbu nikaendelea kutenganisha mimi.

Baadaye nilielewa kwa nini ulikuwa unahangaika sana kutaka kutega mbu misibani. Nyumba zetu zina vyandarua, zina mitego, tunajua mbu wa chumbani kwa nani ni wengi na kwa nani ni wachache. Lakini watu wanapolala nje kwa ajili ya maiti, hakuna anayehesabu. Ulikwenda kuomba utege kwenye msiba wa Kwamndolwa, wakakukatalia. Ukaomba ule wa jamaa zako Handeni, wazee wakakujia juu. Unataka kuwasha taa ya zambarau mbele ya wafiwa? Msiba si disko! Ulirudi umenyong'onyea nikakutania kwamba wewe huwezi kwa sababu ni mtoto wa ukoo, wewe unatakiwa msibani ujikunyate ulie. Mwenye ruhusa ya kufanya mambo ya ajabu msibani ni mtani peke yake. Mtani akicheka hakatazwi, akishika kitu hanyang'anywi.

Nikakwambia, na Mungu anisamehe, "Wewe kufa tu, nitakuja kuitundika mimi mwenyewe."

Ukanijibu, "Basi usisahau kuchaji betri."

Tulikuwa tunacheka. Jamani, tulikuwa tunacheka tu.

Hukunipa hata muda wa kujiandaa. Asubuhi ile nilifika hapa na kikapu cha vikombe nikaona mlango wazi na jiko halijawashwa. Jirani akaniambia umeanguka ukitaka kuwasha moto, wamekukimbiza Korogwe mjini. Presha. Wewe uliyekuwa unanikemea mimi kwa kutokunywa dawa zangu! Nilifika wodini huongei. Jicho moja liliniona, naapa liliniona, na vidole vyako vikafanya hivi, kama mtu anayekaza kamba. Sijui ulikuwa unasema nini. Adhuhuri wakaniambia nikae nje, na nilipoitwa tena walikuwa wameshakufunika.

Ndugu zako wakakuchukua siku hiyo hiyo kukupeleka Handeni kwa baba zako. Mimi nilirudi ofisini kwanza. Nikachukua mtego ule wa akiba na betri iliyojaa, nikavitia kwenye kiroba cha unga. Kijana wetu alikuwa mezani kwake. Akaangalia kiroba, akaniangalia mimi, akavua miwani, akafuta macho. "Mimi sijaona kitu, mama," akasema.

Nilifika kwenu jua limezama, wanaume ndio wanarudi kutoka makaburini. Na hapo uani, Mwanahamisi, nikamwona Zuhura. Mwanao, na tumbo lake la kwanza, kubwa tayari. Amekalishwa jamvini katikati ya shangazi zake, kajifunika kanga moja, na mbu wanamwimbia masikioni mpaka mimi niliyesimama nawasikia. Nilimwambia shangazi yenu mkubwa, yule mwenye macho mabovu, kwamba huyu binti akalale ndani kwenye chandarua. Akaniambia, "Mwanangu, mama yake ndiyo kwanza amelala udongoni. Yeye alale kitandani?" Zuhura mwenyewe akasema hataki kuondoka jamvini. Usiku ule wa kwanza sikuweza kitu. Nilikaa nyuma yake nikimpepea kwa upande wa kanga yangu mpaka mkono ukafa. Lakini mkono wa mtu una mwisho wake, na mbu hawana.

Kulipopambazuka nikajiambia, wewe Kalunde, umekuja kulia au umekuja kufanya utani?

Wazigua walikuwa wameshaanza kuniulizia, mtani wake yuko wapi, mbona kajikunyata kama mfiwa. Kweli nilikuwa mfiwa. Ungejua nilivyotamani kulala chini na kulia kama Zuhura! Lakini mtani hana ruhusa hiyo. Jioni ya pili, watu wamemaliza kuswali, nikaingia chumbani walikoweka vitu vyako walivyovichukua Makuyuni nikachukua koti lako la kazi, lile la kijani lenye mfuko uliochanika, na buti zako za mvua. Nikavaa. Nikatoka uani natembea kama wewe, kiuno mbele, shingo nyuma, kama mtu anayedai haki yake mahakamani. Nikaanza kuwakaripia. "Nani kasogeza kitanda changu? Nani kagusa betri yangu? Nyie Wanyamwezi mkiona kitu kizito mnakibeba tu bila kuulizwa!"

Yalaa, walicheka! Wanawake walijiangusha. Mpaka kaka yako Athumani, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu mazishi, nilimwona anajifuta machozi kwa kofia. Zuhura akacheka, halafu kicheko kikamgeuka katikati, akaniangukia kwenye lile koti, akaling'ang'ania, akawa anavuta harufu. Nilisimama wima. Niliuma meno. Nikaendelea kukaripia na kichwa chake kikiwa kifuani kwangu.

Na katikati ya utani huo huo nikautoa mtego kwenye kiroba. Nikauning'iniza kwenye nguzo ya turubai pembeni ya jamvi la wanawake, kimo kile ulichonifundisha, nikaunga nyaya. Feni ikalia. Taa ya zambarau ikawaka. Watu wakaendelea kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo, mpaka nilipovua koti na mtego ukabaki unawaka.

Ndipo Athumani aliposimama. "Dada, sasa basi. Zima hiyo taa. Msiba si disko."

Nikamwambia sizimi. Akaja mwenyewe kunyoosha mkono. Nikakaa chini ya ile nguzo nikaikumbatia kwa miguu na mikono, mwanamke mzima na umri huu, nikamwambia anipige kwanza. Mwanahamisi, sikuwa nacheza tena. Nilikuwa naliona tumbo la Zuhura, na nilikuwa namwona yule mtoto wako mwenye nywele. Shangazi yenu mkubwa ndiye aliyeniokoa. Akauliza kuna nini, wakamweleza, akasema pale pale alipokaa, "Athumani, mtani hagomewi. Mwache na taa yake, asubuhi ataitoa." Athumani akaguna, akarudi kwa wanaume.

Asubuhi nikaja kuutoa. Wanawake walikuwa wanakunja kanga, wengine wamesimama kuniangalia, maana walitaka kujua Mnyamwezi amevua nini. Nilikuwa nimelivaa tena koti lako kwa sababu ya baridi. Nikainua mkono, na sijui, pengine ilikuwa ile harufu, pengine ni kuliona jua likichomoza tena na wewe umelala udongoni. Nilitoa waya kwanza.

Feni ikanyamaza. Na mimi mkono bado haujagusa mdomo wa mfuko.

Wakatoka, mama yangu. Wakapanda wote kwa pamoja kama moshi wa kuni mbichi, nondo, mende, mbu, mbu, mbu, wengine wana matumbo mekundu. Wakawaingia wanawake machoni, puani, kwenye kanga. Makelele! Mmoja akakimbia akaangusha birika. Mwingine akawa anajichapa mapaja huku anaita jina la Mtume. Na mimi nimesimama na waya mkononi nangoja unichape. Kweli tupu, niliuvuta mkono wangu nyuma kama vile unakuja kunichapa.

Walipotulia, mwanamke mmoja, mnene, mpishi wenu, akauliza kwa sauti ndogo, "Hawa wote walikuwa kwetu? Hapa tulipolala?" Wote wakamgeukia Zuhura, wakamwangalia tumbo. Kama ningefunga mfuko vizuri ulivyonifunza, ningewaletea kesho yake hesabu kwenye karatasi, wangesema ahsante na jamvi lingebaki vile vile.

Basi sikuwapa nafasi ya kupoa. Nikaenda jikoni nikaligeuza sufuria kubwa la msiba, nikalikalia. Wapishi wakaja, nikawafukuza kwa mwiko. Wanaume wakaanza kuuliza chai iko wapi. Athumani akaja, safari hii pole pole, akaniuliza kama mtu anavyomuuliza mtani. "Haya, sufuria tulikomboe kwa kitu gani? Kuku?" Nikamwambia kuku mle wenyewe. Kila nyumba ya ukoo huu ilete chandarua, vifungwe juu ya majamvi yote, ya wanawake na ya wanaume, na cha kwanza kifungwe juu ya Zuhura. Mpaka hapo hakuna chai, hakuna uji, hakuna wali wa hitima. Njaa itawauma kama ilivyowauma babu zenu.

Walicheka, lakini walikwenda. Ungeona vyandarua vilivyotoka! Vingine havijawahi kufunguliwa tangu vigawiwe kliniki. Kimoja kilitoka kwenye bustani ya mchicha kikiwa bado na majani. Kimoja kina manyoya ya vifaranga. Vijana wakafunga kamba toka nguzo hii mpaka mti ule, uani kukawa kama kambi ya wavuvi. Shangazi yenu akaingizwa ndani ya kimoja akasema anajiona kama bibi harusi. Zuhura akalala chini ya kile cheupe. Nilimwangalia mpaka usingizi ukamchukua, ndipo nikaenda nyuma ya choo kulia, maana huko hakuna anayemkagua mtani.

Nilitamani barua hii iishie hapo, ningekuwa nimekuletea habari njema tupu. Lakini wewe na mimi hatukudanganyana kwenye hesabu hata siku moja. Usiku wa kwanza na wa pili sikumfungia chandarua. Wiki zilipita, nikampigia simu Zuhura, haongei vizuri, mume wake akasema anatetemeka. Homa. Nilipanda gari nalia waziwazi, abiria wakadhani nimefiwa upya. Nilimkuta ameegemea ukuta, midomo imekauka, nikambeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Babu zangu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, mimi nilimbeba mwanao. Zahanati wakampima, malaria. Nilikuwa nimeshamwonya mume wake kwamba akipata hata joto la mkono tu asisubiri, na alisubiri siku moja tu. Wakasema tumewahi. Wakampa dawa, wakasema sasa ni kuangalia mtoto.

Kuangalia! Mwanahamisi, wewe unajua maana ya kuangalia. Kila siku nilipiga simu kuuliza anacheza? Anacheza. Anacheza vipi? Zuhura akachoka na mimi. Nilikuwa natenganisha mbu barazani kwako nikikosea, nawachanganya wa vyooni na wa malaria, nawaona wote wamevaa sura moja. Niliwachukia. Miaka yote nilikuwa nawahesabu tu kama mtu anavyohesabu mahindi, lakini majuma yale niliwachukia mmoja mmoja. Usiku nikilala kwenye chumba chako na ile taa inawaka miguuni, nilikuwa najiuliza wewe uliwezaje. Ulizika mtoto kwa ajili yao na bado ulikaa ukiwaangalia mabawa kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka. Sikukuuliza ulipokuwa hai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe uliujua na ukaufanyia kazi.

Amezaliwa. Mwezi uliopita, kituo cha afya, alfajiri. Wa kike. Mdogo sana, mwepesi kama mkate, wakunga walimweka kifuani kwa mama yake bila nguo ili apate joto, na sisi nje tukatega sikio. Kisha akalia. Sauti ndogo, imekwaruza, lakini ya ubishi, ya mtu anayedai haki yake. Athumani akasema Alhamdulillahi. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga pale pale, mbele ya kila mtu, nikalia kilio changu chote nilichokuwa nimekizuia msibani kwako. Hakuna aliyenikataza. Athumani alikaa pembeni yangu akashika kiroba changu mpaka nikamaliza.

Habari nyingine ni hii, sasa wananiita. Mazinde walipofiwa na fundi wa baiskeli waliniletea mtu, njoo na taa yako, mtani. Vyandarua walikuwa wameshafunga kabla sijafika. Old Korogwe walinifukuza, wakasema ile taa ndiyo iliyokuita wewe kaburini, na mimi nikawatukana, na nitarudi. Kijana wetu ameongeza misiba kwenye mpango wa kazi, ila anaandika kwa maneno marefu hata mimi siyaelewi.

Lakini kuna jambo linaniuma na sina mwingine wa kumwambia. Siku zote nilijua nitatangulia mimi. Mimi ndiye mwenye kifua, mimi ndiye nisiyemsikiliza daktari. Nilijua wewe ndiye utakayekuja Mazinde, utavaa kanga zangu, utaiga mwendo wangu, utakalia sufuria langu na kuwachekesha wanangu wakiwa wamevimba macho. Nilikuwa nalitegemea hilo. Watoto wa siku hizi utani wanausikia kwenye redio tu. Nani atanicheka mimi, Mwanahamisi? Mtu kuzikwa bila mtani ni kuzikwa kama mgeni.

Juzi nimekwenda kumwona huyo mjukuu wako. Nilimpakata ndani ya chandarua. Akafumbua jicho moja, akaniangalia kwa dharau, akakunja uso, akanikojolea gauni lote. Zuhura akawa ananiomba radhi. Nikamwambia asiniombe radhi, amwache, Mzigua ameshaanza kazi.

Kwa hiyo sikia, nakuahidi. Chumba chako sitakiacha mpaka apatikane wa kulala humo. Popote watakapolala nje kwa ajili ya maiti nitakwenda na taa, wanite wasinite. Na huyu mtoto nitamfundisha matusi yote uliyonitukana, hata yale ya babu zangu, mpaka ayajue vizuri. Nitakunywa dawa zangu ili nimsubiri akue. Siku yangu ikifika nataka aje Mazinde, asimame mbele ya watu wote, anicheke.

Kwaheri, Mwanahamisi. Lala.

Mimi mtani wako,
Kalunde